Gundi ya meno bandia ina nini ndani? Kisa cha zinki na miguu iliyokufa ganzi

Mwaka 2008, madaktari wa magonjwa ya neva katika Chuo Kikuu cha Texas Southwestern, mjini Dallas, Marekani, walichapisha kwenye jarida la Neurology taarifa ya wagonjwa wanne waliokuwa na tatizo linalofanana. Neva zao zilikuwa zimeharibika. Damu yao ilikuwa na madini ya shaba kidogo mno, na zinki nyingi kupita kawaida.

Madaktari walitafuta zinki hiyo inatoka wapi. Chanzo cha kawaida hakikupatikana. Kilichobaki ni kitu ambacho daktari wa neva hana mazoea ya kukiuliza: gundi ya kubandikia meno bandia. Wote wanne walikuwa wakiitumia kwa wingi, kwa muda mrefu.

Gundi hiyo haiuzwi kwa siri. Ipo kwenye maduka ya dawa duniani kote, na Afrika Mashariki hupatikana kwenye famasi kubwa za mijini au huletwa kwenye sanduku na ndugu anayetoka ng'ambo. Wazee wengi wanaipenda kwa sababu moja tu ya maana: inawawezesha kula nyama na kucheka mbele za watu bila hofu kwamba meno yatadondoka.

Kwa hiyo swali la ndani ya tyubu kuna nini si la kitaalamu tu. Ni la mtu anayeiweka mdomoni kila siku na kuimeza kidogo kidogo bila kujua.

Kwanza, inashikaje?

Meno bandia ya juu yakikaa vizuri hayahitaji gundi. Mate yanatengeneza utando mwembamba kati ya plastiki na kaakaa, na utando huo ndio unaoshikilia, kama vioo viwili vilivyolowa maji vinavyong'ang'aniana. Ya chini ni kazi zaidi. Hayana kaakaa la kushikia, na ulimi unayasukuma kila mtu anapoongea.

Shida huja baadaye. Jino likishang'olewa, mfupa wa taya uliokuwa umelibeba huanza kupungua, na haurudi. Unapungua haraka katika mwaka wa kwanza, kisha polepole kwa maisha yote. Plastiki haibadiliki, taya linabadilika. Ndiyo maana meno yaliyotoshea sawasawa miaka minane iliyopita leo yanacheza mdomoni. Hapo ndipo gundi inaingia.

Kazi kubwa hufanywa na vitu viwili. Kimoja ni kaboksimethili selulosi, unga unaotokana na nyuzi za mimea, ambao ukikutana na mate unavimba na kuwa kama uji mzito. Hushika haraka lakini huyeyuka mapema. Huu huu hutumika kwenye aiskrimu na dawa ya meno ili kuzifanya ziwe nzito, na hauna rekodi ya kutisha.

Kitu cha pili ni polima ndefu inayoandikwa kwenye pakiti kwa herufi PVM/MA. Hii huchelewa kushika, lakini ikishashika hudumu kwa saa nyingi. Polima yenyewe ni molekuli kubwa mno kiasi kwamba haifyonzwi kirahisi na utumbo. Tatizo halikuwa polima. Tatizo lilikuwa kile kilichofungwa nayo.

Watengenezaji huichanganya polima hiyo na chumvi za madini ili minyororo yake ishikane na isiyeyuke upesi. Wengine hutumia kalsiamu, sodiamu au magnesiamu. Wengine walichagua zinki, kwa kuwa huifanya gundi ivumilie mate na chai ya moto kwa muda mrefu zaidi. Kwa mtumiaji, maana yake ni kubandika asubuhi na kusahau mpaka usiku. Kwa biashara ni jambo zuri sana.

Hesabu ya tyubu mbili kwa wiki

Zinki yenyewe si sumu. Mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Kila mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto kituo cha afya akiharisha anavijua vile vidonge vya zinki. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilipendekeza miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Vidonge hivyo vinaokoa maisha, na hakuna sababu ya mzazi yeyote kuvikataa kwa sababu ya habari hii.

Mtu mzima anahitaji takribani miligramu 8 kwa siku kama ni mwanamke na 11 kama ni mwanaume. Kiwango cha juu ambacho wataalamu wa lishe wa Marekani wanashauri kisipitwe kila siku kwa muda mrefu ni miligramu 40. Wa Ulaya ni wagumu zaidi, wao wanasema 25.

Sasa, watafiti wa Dallas walipima gundi zenyewe maabara. Walikuta kila gramu moja ina zinki kati ya miligramu 17 na 34.

Tyubu ya kawaida iliyokuwa ikizungumziwa ina gramu 68. Ikitumiwa kwa kiasi kinachoelekezwa, kwa meno ya juu na ya chini, inatakiwa idumu wiki 7 hadi 10. Hiyo ni kama gramu moja na kitu kwa siku. Wale wagonjwa walikuwa wakimaliza tyubu mbili au zaidi kwa wiki moja.

Tyubu mbili ni gramu 136. Gawa kwa siku saba, ni zaidi ya gramu 19 kwa siku. Hata kwa ile gundi yenye zinki kidogo zaidi, jibu linafika miligramu 330 za zinki kwa siku. Si zote zinazoingia kwenye damu, maana nyingine hubaki kwenye gundi inayooshwa, nyingine hupita tumboni na kutoka. Lakini zinazobaki zinatosha kuleta balaa.

Kuna njia moja nzuri ya kuelewa ukubwa wa namba hiyo. Upo ugonjwa wa kurithi uitwao Wilson, ambao hufanya shaba ijilimbikize kwenye ini na ubongo. Mojawapo ya dawa zake ni zinki, na inatolewa makusudi ili kuzuia shaba isifyonzwe. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 50 mara tatu kwa siku, jumla 150, tena kwa uangalizi wa daktari na vipimo vya mara kwa mara.

Maana yake ni kwamba mzee aliyekuwa anamaliza tyubu mbili kwa wiki alikuwa anaweka mdomoni zaidi ya mara mbili ya dozi ambayo hospitali huitumia kuondoa shaba mwilini. Ila yeye hakuwa na shaba ya ziada ya kuondoa, na hakukuwa na daktari anayemwangalia.

Shaba inafukuzwaje?

Kwa lugha rahisi, zinki na shaba zinagombea mlango mmoja. Zinki ikija kwa wingi, chembe za ukuta wa utumbo hutengeneza protini nyingi iitwayo metalothionini kama njia ya kujilinda. Protini hii inaitwa na zinki, lakini ikishakuwepo inaipenda shaba zaidi. Inaikamata na kuing'ang'ania ndani ya chembe za utumbo. Chembe hizo huishi siku chache tu, kisha hubanduka na kutoka na choo, na shaba inaondoka nazo.

Ndiyo sababu mtu anaweza kula vizuri kabisa, maini, korosho, ufuta, vyote vyenye shaba nzuri, na bado damu yake ikaishiwa shaba. Chakula kinaingia lakini mlango umefungwa.

Mahitaji ya shaba ni madogo sana, chini ya miligramu moja kwa siku. Lakini bila hicho kidogo, uboho wa mifupa hushindwa kutengeneza damu sawasawa. Mtu anapungukiwa damu, na chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi zinashuka. Halafu neva na uti wa mgongo huanza kuharibika.

Wafugaji waliliona hili kabla ya madaktari wa binadamu. Miaka ya 1930 huko Australia Magharibi, wanakondoo walikuwa wakizaliwa wakiyumba na kushindwa kusimama kwa miguu ya nyuma. Mwaka 1937 ikaelezwa kwamba mama zao walikuwa wanakula malisho yasiyo na shaba ya kutosha. Ilichukua miongo mingi kabla madaktari hawajakubali kwamba mtu mzima naye anaweza kuyumba kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa binadamu huanza taratibu. Ganzi au kuchomachoma kwenye vidole vya miguu, kisha hupanda. Mtu hahisi ardhi vizuri. Gizani, au akifumba macho akinawa uso, anayumba. Anaanza kushika ukuta. Baadaye mikono nayo inaweza kuguswa.

Dalili hizi zinafanana sana na za ukosefu wa vitamini B12, kiasi kwamba hata picha za uti wa mgongo zinaweza kufanana. Na kwa mzee wa Afrika Mashariki mwenye ganzi ya miguu, jambo la kwanza linalofikiriwa ni kisukari. Hilo ni sawa, kwa kuwa kisukari ndicho cha kawaida zaidi kwa mbali sana, na lazima kipimwe kwanza. Shida inakuja pale ambapo sukari ipo sawa, B12 ipo sawa, na mgonjwa anaambiwa ni uzee tu.

Kisa kilichokosa jibu kwa miaka

Kabla ya ripoti ya Dallas, madaktari walikuwa wameshakutana na wagonjwa wa namna hii bila kujua la kufanya nalo. Mwaka 2003, Peter Hedera na wenzake waliandika kuhusu ugonjwa wa neva na damu uliotokana na ukosefu wa shaba na zinki nyingi, na wakasema wazi kwenye kichwa cha makala yao kwamba chanzo hakijulikani.

Mwaka 2009 Hedera, akiwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, aliandika na wenzake makala ya pili yenye karibu kichwa kile kile, safari hii ikiwa na jibu: gundi ya meno bandia ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu.

Kwa nini ilichukua muda wote huo? Sababu ni ya kibinadamu. Mgonjwa akiulizwa anatumia dawa gani, hataji gundi ya meno, maana kwake si dawa. Ni kama sabuni au mafuta ya kujipaka. Na wapo wanaoona aibu kusema wanavaa meno bandia, hasa mbele ya daktari kijana. Hata kisheria, Marekani gundi hizi husimamiwa kama vifaa tiba, si kama dawa wala chakula, kwa hiyo hazipiti njia ile ya kidonge kipya.

Ripoti hizo hazikubaki kwenye majarida. Februari 2010 kampuni ya GlaxoSmithKline ilitangaza kuacha kutengeneza gundi zake zenye zinki, zikiwemo aina kadhaa za Super Poligrip, na kubaki na zisizo na zinki. Bidhaa hizo sasa ziko chini ya kampuni ya Haleon, iliyojitenga na GlaxoSmithKline mwaka 2022. Mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia watengenezaji na kuwataka wafikirie kuondoa zinki na kuweka maelezo yanayoeleweka kwenye pakiti.

Procter & Gamble, wenye Fixodent, hawakufuata njia hiyo. Kesi zilifunguliwa huko Florida. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ilikubaliana na jaji wa chini kwamba ushahidi wa wataalamu wa upande wa walalamikaji haukufikia kiwango kinachotakiwa kisheria ili kuthibitisha kwamba bidhaa ile ndiyo iliyosababisha ugonjwa. Mlalamikaji akashindwa.

Hapa watu huchanganya mambo. Mahakama haikusema kwamba kumeza zinki nyingi hakudhuru neva. Ilisema ushahidi ulioletwa kuhusu gundi ile, kwa mgonjwa yule, haukutosha. Kwa upande mwingine, ni kweli kwamba visa vilivyoripotiwa ni vichache ukilinganisha na mamilioni ya watu wanaotumia gundi hizi bila kupata tatizo lolote. Karibu vyote vinahusu watu waliotumia kupita kiasi kwa miaka. Anayetumia kidogo mara moja kwa siku hayumo kwenye kundi hilo, na hakuna haja ya kumtia hofu.

Lakini ukiwa mkweli na ile hesabu ya juu, kuna jambo moja halipendezi. Gramu moja na kitu ya gundi yenye miligramu 34 za zinki ilikuwa tayari inagusa ule ukomo wa 40. Nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo. Na mtu akiongeza vidonge vya zinki vya kuongeza kinga, ambavyo vilipata umaarufu sana wakati wa korona na ambavyo vingine vina miligramu 50 kwa kidonge, anavuka bila kujua.

Viungo vingine je?

Zinki ndiyo yenye ushahidi mzito. Vingine ni vya kuvijua tu.

Krimu nyingi zina mafuta ya madini na mafuta ya mgando, yale yale ya jamii ya Vaseline. Yakimezwa kidogo hupita na kutoka. Yakiwa mengi kila siku yanaweza kupunguza ufyonzwaji wa vitamini A, D, E na K. Hatari inayojulikana zaidi ya mafuta ya namna hii ni kuingia kwenye mapafu, jambo ambalo hutokea kwa wazee wanaopaliwa mara kwa mara, kwa mfano waliopata kiharusi. Mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kujazwa gundi na mhudumu kwa nia njema.

Zipo pia rangi nyekundu au ya waridi, ladha ya minti, na vihifadhi vya jamii ya parabeni. Hivi huweza kuleta mzio kwa wachache. Mdomo unawaka, fizi zinakuwa nyekundu, wakati mwingine midomo inavimba. Ugumu ni kwamba plastiki ya akriliki ya meno yenyewe nayo huweza kuleta mzio, hasa ikiwa haikuivishwa vizuri maabara na ikabakiza kemikali ambayo haikuganda. Njia rahisi ya kutofautisha ni kuacha gundi kwa siku kadhaa na kuona kama hali inatulia.

Gundi za unga za zamani zilikuwa na ulimbo wa miti, hasa karaya, wakati mwingine ukichanganywa na ulimbo wa mgunga ambao Sudan inauza kwa wingi kuliko nchi yoyote. Ulimbo wa karaya una asidi kidogo, kwa hiyo haufai kwa mtu mwenye meno ya asili yaliyobaki, maana unaweza kula tabaka gumu la jino. Baadhi ya unga huo ulitiwa boraksi. Sheria za Marekani zinaruhusu mchanganyiko huo kirahisi tu endapo boraksi iko chini ya asilimia 12, na Ulaya misombo ya jamii hiyo imewekwa kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kudhuru uzazi. Mtu akikuta kopo la unga la zamani kabatini kwa bibi, lisilo na orodha ya viungo, alitupe.

Na super glue?

Hili linahitaji kusemwa kwa sababu linatokea mno. Meno yamepasuka au yamelegea, kliniki iko mbali, gundi ya kumi kwa mia ipo dukani kwa Mangi. Mtu anaunga mwenyewe.

Super glue ni kemikali ya sianoakrileti. Hukauka ikikutana na unyevu, na ikikauka hutoa joto. Ikigusa fizi inaweza kuunguza na kugandisha ngozi laini ya mdomo. Hata kama mtu ataunga meno yakiwa mezani na kuyaacha yakauke, gundi ile huvunjika taratibu kwenye mate, na viunganishi huwa havikai sawa sawa, kwa hiyo meno yanauma upande mmoja na kuchubua fizi. Zaidi ya hapo, fundi wa maabara ya meno hupata taabu kuyarekebisha baadaye. Mara nyingi kilichokuwa kipande cha kuungwa kwa bei nafuu kinageuka kuwa seti mpya.

Gundi nyingi ni dalili

Mtu anayehitaji tyubu kila wiki hana shida ya gundi. Ana shida ya meno yasiyomtosha. Gundi inaficha tu.

Na kadiri inavyoficha, taya linazidi kuumia. Plastiki inayocheza inasugua na kugandamiza mfupa mahali pasipotakiwa, na mfupa unapungua haraka zaidi. Gundi iliyoachwa usiku kucha inakuwa makazi ya fangasi, kaakaa linageuka jekundu kama limeungua. Kidonda kilichosababishwa na meno bandia kinatakiwa kipone meno yakipumzishwa. Kisipopona ndani ya wiki mbili kionwe na daktari, kwa kuwa saratani ya mdomo huanza hivyo hivyo, bila maumivu makubwa.

Marekebisho yenyewe si makubwa kama watu wanavyodhani. Daktari wa meno anaweza kuchukua kipimo upya na kuongeza akriliki upande wa ndani ili meno yafuate umbo jipya la taya. Meno yale yale, gharama ndogo kuliko seti mpya. Wengi wa waliotengenezewa meno miaka kumi iliyopita hawajawahi kuambiwa kwamba huduma hii ipo. Hilo ni kosa la wahudumu wa afya kuliko la wagonjwa.

Anayeendelea kutumia gundi anahitaji matone matatu au manne tu ya ukubwa wa punje ya njegere kwa seti, kwenye meno makavu yaliyosafishwa, mara moja kwa siku. Ikitokeza pembeni wakati wa kung'ata, imezidi. Usiku meno yanavuliwa, gundi inaondolewa kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, na fizi zinafutwa kwa kitambaa safi. Maji yanayochemka yanapinda plastiki.

Mwenye ganzi ya miguu ambaye ametumia gundi kwa wingi kwa miaka aende hospitali akiwa na tyubu yake mkononi. Anachotakiwa kupimwa ni shaba, zinki na seruloplazimini, protini inayobeba shaba kwenye damu. Si vipimo vya kila hospitali ya wilaya, na sampuli huenda ikapelekwa maabara kubwa. Lakini hata kipimo cha kawaida cha damu kinachoonyesha chembe nyekundu na nyeupe zimeshuka kwa pamoja kinaweza kumfanya daktari aanze kuuliza.

Tiba ni kuacha zinki na kupewa shaba. Damu hurudi ndani ya wiki chache. Neva ni habari nyingine. Kati ya wale wagonjwa wanne wa Dallas, wawili walioacha gundi walipata nafuu kidogo tu. Kilichoharibika kwenye uti wa mgongo hakirudi chote, na ndiyo maana muda una thamani.

Kwenye duka, maandishi ya kutafuta ni madogo na yako nyuma ya boksi. Gundi isiyo na zinki huandikwa wazi "zinc free", kwa kuwa kampuni zinajua wateja wanaitafuta. Ikiwa na zinki, neno "zinc" litaonekana kwenye orodha ya viungo, mara nyingi limebanwa ndani ya jina refu kama "Calcium/Zinc PVM/MA Copolymer". Tyubu isiyo na orodha yoyote, au iliyoandikwa kwa lugha ambayo hata mfamasia haisomi, ni bora irudishwe. Tanzania vifaa tiba viko chini ya TMDA, Kenya viko chini ya Bodi ya Famasi na Sumu, na ofisi hizo hupokea taarifa za bidhaa yenye mashaka kutoka kwa mwananchi yeyote, si kwa madaktari peke yao.